Kitako kwanza, sifa baadaye

Mtu akinionyesha bakuli la mbao, naligeuza kabla sijalisifu. Ndani kila mkerezaji, fundi anayechonga mbao ikizungushwa na mashine, hujitahidi. Kitako ndicho kinachotoboa siri.

Langu, ndani kukishakamilika, nalivisha kifudifudi kwenye kipande cha mbao cha mviringo kilichofunikwa ngozi laini, kisha nalibana kitakoni kwa ncha ya nyuma ya mashine. Kasi naipunguza, kwa sababu kinacholishika ni msuguano tu. Kabla ya kugusa patasi napima kina cha ndani na kimo cha nje, nijue chini kumebaki unene gani. Kukisia hapa ni kutafuta tundu.

Kitako sikiachi bapa. Nakichimba kidogo katikati, milimita 1 au 2, bakuli lisimame kwa ukingo wake. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa unyevu. Kitako bapa kikivimba katikati, bakuli linayumba mezani. Wengine hubandika kitambaa chini. Sipendi, kinaficha kazi.

Kinundu kinachobaki chini ya ncha nakikata kwa msumeno mdogo, mashine ikiwa imezimwa, nakisawazisha kwa patasi kali, halafu msasa namba 120, 180, 240, kwa mkono, nikifuata nyuzi. Mafuta napaka siku hiyohiyo.