Siku moja maishani mwangu: muuza vitambaa Biashara Street, Mombasa, na nyuki nyumbani

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, naswali, mahamri nachukua kwa mama wa pale njiani, saa moja na nusu nishavuka daraja la Nyali na matatu ya Kisauni. Hapo hakuna la kuhadithia.

Saa mbili tunafungua. Watu wakipita Biashara Street wanatuona kwenye stuli tunapepewa na feni wanadhani kazi yetu ni kukaa. Aah. Jaribu kuteremsha jora la pamba kutoka shelfu ya juu, ulikunjue mbele ya mteja, alishike, alinuse, aseme "hebu lile jengine", kisha ulikunje upya lisiingie mkunyo huku mwengine ashaingia anauliza bei. Ikifika adhuhuri mabega si yako. Leo tena tumefungua belo la leso mpya, kwa hivyo asubuhi yote ni kina mama wanasoma majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, moja moja, kuna mmoja alicheka peke yake akabeba pea tatu za jina moja, nikajua mtaani kwao kuna mtu atakoma.

Saa sita na kitu akaingia yeye. Mama mtu mzima, buibui safi, ana bahasha ya vipande, anashona mfarishi wa viraka wa mjukuu anayemngojea. Watu wa viraka nawapenda wallahi, ndio wanaojua kitambaa, lakini huyu...

"Mwanangu, nataka pindo la hii leso."

"Pindo peke yake, mama?"

"Pindo tu. Mji, hapa katikati, sina haja napo."

Sasa leso inauzwa pea, na mpya huja mbili zimeshikana, kukata na kupinda ni kazi ya mnunuzi. Nikaeleza, akasema haya, basi nikatie robo mita robo mita kwenye kila jora. Bosi chini ya nusu mita hakati, manake kile kinachobaki mwisho wa jora hakuna fundi atakitaka. Akasema kwanza ahakikishe ni pamba. Nikachomoa uzi nikauwasha kibiriti, ukashika mara moja, ukanuka karatasi iliyoungua, jivu likavunjikia vidoleni. Nikamwashia na wa poliesta aone unavyojikunja na kuyeyuka mpaka unabaki kidonge cheusi kigumu. Akafurahi, nami nikajitia ujuzi nikamwambia afue na apige pasi kabla ya kukata, pamba hupungua ikiona maji, na nyekundu mpya inaweza kutoa rangi ikamharibia nyeupe zote. "Kwani nyinyi mnauza vitambaa vya kutoa rangi?" Tukaanza upya, jora zote mezani.

Katikati ya hayo simu. Jirani, anapiga kelele, kuna pumba la nyuki kwenye mwembe wetu, juu ya kamba ya nguo, limepita ndoo kwa ukubwa, na mumewe ashashika mafuta taa na kiberiti. Nikamwambia dada, usimwache awashe, ingizeni watoto ndani, fungeni madirisha, msiwarushie kitu. Nyuki wakihama wanatoka wamejaza asali tumboni, wanajitundika tu pale wakimzunguka malkia huku wachache wanatafuta pango la kuhamia, hawana masega wala watoto wa kulinda, kwa hivyo wametulia kidogo. Kidogo lakini. Nyuki wa huku pwani ukiwachokoza utakimbia mpaka baharini.

Na mama yuko pale pale. "Umesema hii ni pesa ngapi?"

Alitoka saa tisa inaingia tisa na nusu, kabeba vipande viwili vya nusu mita, na akaomba nimuongezee kile kipande kilichoanguka chini. Nikampa. Angeomba na makasi ningempa.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Tumekunja, tumefagia, kuna foleni darajani, miguu inawaka moto. Njiani nimempigia mzee mmoja wa Kilifi anayeuza asali Kongowea, akaniambia yuwaja giza likianza kuingia, wale waliotoka kutafuta wawe washarudi. Akaja na boksi la mbao alilolipaka nta ndani na moshi wa makumbi, akalitikisa tawi mara moja kwa nguvu, pumba zima likadondoka ndani pu! Mimi niko nyuma ya dirisha. Akaniita nichungulie: mlangoni mwa boksi nyuki wamejipanga, mikia juu, wanapiga mbawa, wanawatolea harufu wenzao waingie. "Malkia yumo," akasema, akawasha sigara.

Jirani akauliza asali yetu iko wapi. Yani wamekaa mtini mchana mmoja, asali itoke wapi?

Tuktuk ikaja, dereva akauliza boksini mna nini, mbona panavuma. Mzee akamjibu, "Redio. Twende."