Picha 23, barua pepe moja

Jamani, leo nimeshinda na barua pepe moja tu.

Shangazi yuko Maskati. Katuma picha za zamani za nyumbani, 23, zote kazibandika katikati ya maneno. Kiambatisho hakuna hata kimoja. Picha, salamu, picha, "huyu unamkumbuka?", picha tena.

Nikaanza kijinga: napiga picha ya skrini, nakata pembeni, nahifadhi. Kuja kuikuza moja, ukungu mtupu.

Nikahamia kubofya kitufe cha kulia cha kipanya, "hifadhi picha". Hiyo inakubali, ila ni moja moja. Ya tisa mkono ushachoka.

Mtoto wa dada akapita nyuma yangu, akacheka (hawa watoto!).

"Mjomba, si uhifadhi barua nzima kama ukurasa wa wavuti?"

Nikahifadhi. Likatokea faili la HTML, na kando yake folda. Ndani yake picha zote, zimepewa majina ya ajabu: image001, image002...

Image014 ni bibi. Kakalia mbuzi, anakuna nazi.

Nikaikuza. Safari hii hakuna ukungu.

Kidole chake cha shahada kimefungwa kitambaa cheupe, fundo limekaa upande.

Fundo lile nilifunga mimi. Nilikuwa darasa la pili. Aliniambia kaza, nikaogopa kumuumiza.

Sasa nabadilisha majina ya mafaili. Hii nimeiita "kidole cha bibi".

Nyie za wazee wenu mmeziweka wapi? Na kuna anayejua njia fupi zaidi ya hii?