Waya wa aloi ndani ya mrija nano: linda ncha ya sindano

Chuma kilichoyeyuka hakiingii ndani ya mrija nano wa kaboni, yaani mrija mwembamba mno usioonekana kwa macho. Hujikusanya tone, kama maji juu ya jani la nduma: mvutano wake wa uso ni takribani niutoni 1.8 kwa mita, na mrija hukubali vimiminika vilivyo chini ya 0.2 hivi. Kwa hiyo waya na mrija sharti vizaliwe pamoja tanurini.

Kwa aloi ya chuma na nikeli, yeyusha ferosini (kampaundi ya chuma na kaboni) gramu 0.65 na nikelosini (mwenzake wa nikeli) gramu 0.35 katika mililita 20 za tuluini, kiyeyushi kinachotoa kaboni. Molekuli zake zina uzito unaokaribiana, 186 na 189, ndiyo maana gramu zinatosha kukadiria atomi. Nikelosini ni sumu na huharibiwa na hewa. Ipime ndani ya kisanduku kilichojaa agoni, gesi isiyoingia katika mmenyuko. Wapo wanaopasha poda zote mbili kwenye kijisahani. Siishauri njia hiyo, kwa kuwa hazigeuki mvuke kwa kasi moja, na aloi ya mwanzo haitafanana na ya mwisho.

Fukuza hewa katika mrija wa kwatzi wa tanuri kwa agoni dakika 30, ndipo uongeze haidrojeni. Sehemu ya mvuke iwe nyuzi 200, tanuri 800 hadi 850, sindano ya pampu isukume mmumunyo huo ndani, mililita 6 kwa saa. Kisumbufu kikubwa ni ncha yake. Ikipata moto, tuluini hutoroka na fuwele za ferosini, za rangi ya chungwa, huziba tundu. Hapa Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na tuluini huchemka karibu nyuzi 103 badala ya 110 za vitabuni. Ncha ikae nje kidogo ya joto, tone lidondokee ndani.

Umeme ukikatika, funga haidrojeni, zima pampu isije ikajiwasha, acha agoni ipite kwa geji ya kuelea isiyohitaji stima. Gesi inayopoa husinyaa na kufyonza mafuta ya chupa ya mapovu, ile ambayo gesi hutokea kupitia kwayo, hadi kwenye kwatzi yenye moto, ikapasuka. Chupa tupu katikati huzuia hilo.

Zulia jeusi la mirija linalobanduka kwenye kwatzi litarukia sumaku, lakini chuma cha nje nacho hurukia. Lioshe kwa asidi ya haidrokloriki, likaushe, kisha ulijaribu tena: metali iliyofunikwa na kaboni hubaki. Ukipima fuwele zake kwa eksirei ya shaba, chuma kitupu huonyesha kilele kwenye pembe ya nyuzi 44.7, aloi hii karibu 43.6. Vilele vingi vidogo kati ya 37 na 50 ni simentaiti, kampaundi ya chuma na kaboni.