Pengo la vidole viwili

Jana nimefungua feni ya mezani niifute vumbi. Mwanangu akaokota mapanga yake, akayageuzageuza, akaniuliza, "Mama, mbona yamejinyonga?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Yeye alitaka jibu la neno moja. Mimi nilishafika Mikindani, bandani kwa mama mdogo, msimu wa korosho, nimejiziba pua kwa ncha ya kanga.

Jibu ninalo, tena kwa tarakimu. Feni ya lile banda ilikuwa na kipenyo cha sentimita 50, mota inazunguka mara 1,400 kwa dakika. Piga hesabu: ncha ya panga inakwenda kama mita 37 kwa sekunde, wakati shinani, sentimita 7 kutoka katikati, ni mita 10 tu. Hewa inayoingia ni ileile. Kwa hiyo panga lazima lisimame shinani na lilale nchani, ndiyo huko kujinyonga. Mapanga ya mama mdogo hayakujua habari hiyo. Yalikuwa vipande vya bati bapa, pembe moja mwanzo mwisho, yanaunguruma kama lori linapanda Newala. Kazi yao ilikuwa kuvuta yale maganda mekundu ya ndani, korosho zikishabanguliwa, zikakaushwa na kumenywa. Yalivuta kidogo. Kilichobaki akina mama walimalizia kwa ungo.

Nilikuwa nimetoka chuo. Nikamwambia mama mdogo, niachie mimi.

Wiki tatu nililala na laptopu. Nilichora mikato mitano ya panga, kutoka shina hadi ncha, kila mmoja na pembe yake: wa kwanza kama digrii 40, wa mwisho kama 15. Ukishaipanga hiyo, programu ya kuchorea inavuta uso juu yake, kama fundi wa jahazi anavyopigilia mbao juu ya mataruma. Hapo ndipo utamu ulipoanza, na ndipo nilipopotelea. Kuna kipimo kinachopaka uso mistari myeusi na myeupe kama pundamilia. Mistari ikikatika, nyuso mbili hazikuungana sawasawa. Ikikutana lakini ikapiga kona, zimeungana ila mpindo umebadilika ghafla. Yangu ilipiga kona karibu na shina. Nikawa nasogeza nukta moja, mistari inatulia hapa, inachafuka pale. Pierre Bézier wa kampuni ya magari ya Renault, aliyetuletea mikunjo hii inayochorwa kwa kusogeza nukta miaka ya 1960 kwa ajili ya mabati ya magari, nilimlaani na kumshukuru usiku mmoja. Siku mistari ilipotiririka bila doa nilipiga picha skrini nikamtumia kila mtu. Mama mdogo akajibu, "Pundamilia mzuri. Feni lini?"

Nikachapisha mikato, fundi wa Magomeni akachonga kalibu ya mninga, akagonga bati juu yake mpaka mapanga manne yakatoka. Haya nayapitia haraka, ingawa yeye aliyagonga siku nne.

Siku ya kuwasha naikumbuka hatua kwa hatua. Feni ilikaa ndani ya pipa la mafuta la lita 200 lililokatwa vichwa, mdomo mmoja unatazama kichanja cha korosho, mwingine nje. Nikabonyeza. Mlio ulikuwa laini, nikatabasamu. Akina mama wakamwaga ungo wa kwanza kwenye kichanja. Maganda yakanyanyuka, mepesi kama karatasi ya sigara, yakaingia mdomoni mwa pipa, yakatoweka. Halafu yakarudi. Si yote. Pembezoni mwa pipa, kati ya ncha za mapanga na bati, maganda yalichomoza kinyumenyume, yakazunguka ukingo mzima kama nyuki kwenye mzinga, yakavutwa tena, yakarudi tena. Moja likatua kwenye mdomo wa mama mdogo. Akalitoa kwa kidole, akalitazama, akaniangalia mimi.

"Mwanangu, hili feni lako linakula na kutapika."

Nikazima, nikaingiza mkono kwenye pengo. Vidole viwili vilipita, na nafasi ikabaki. Pipa lina kipenyo cha kama sentimita 57, feni yangu 50. Sentimita tatu na nusu kila upande! Hewa iliyosukumwa mbele ilikuwa inarudi nyuma kupitia pale pale, kwenye ncha, ambako panga linakwenda kasi kuliko kwingine kote. Na mimi niliyehangaikia mkunjo wa shinani wiki tatu sikuwahi kuchora pipa. Lilikuwepo bandani, nikaliona ni pipa tu.

Fundi alipinda pete ya bati akaichomelea ndani, pengo likabaki milimita chache. Kazi ya nusu siku. Tulipowasha tena, maganda yalikwenda nje yakaishia huko, na ungo ukapumzika.

Kila mtu akasifu mapanga yangu. Nikapokea sifa. Lakini kuna jambo nililitambua nikiwa kwenye basi la kurudi: hatukuwahi kuyafunga yale mapanga bapa ya zamani ndani ya ile pete. Huenda yangevuta vilevile, kwa kelele zaidi. Huenda nusu tu. Kwenye karatasi najua jibu linapaswa kuwa lipi, ila karatasi hiyohiyo ndiyo iliyosahau pipa.

Nilimpigia fundi ayaweke pembeni, nikija tuyajaribu. Alishayakata. Alitengenezea jiko la mkaa, mama mdogo akalinunua, na mpaka leo nikienda Mikindani chai yangu huchemkia juu yake.