Punje ya mchele

Juzi binti yangu alitoka chooni akatangaza mbele ya wageni kwamba mkojo wake una rangi ya chai. Wageni wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshainuka, nimeshamkokota mpaka mlangoni penye jua, kidole gumba kwenye kope. Jicho jeupe, halina neno. Kumbe alishinda akiruka kamba bila tone la maji. Vikombe viwili tu, mambo yakakaa sawa.

"Baba, ulikuwa unatafuta nini?"

Nikamwambia kidudu.

Nilikuwa natafuta alichokitafuta Bibi kwangu, pale barazani Ngamiani. Wiki mbili nzima nilikuwa nimechoka, uchovu usioondoka hata ukilala mchana kutwa. Malaria, nikasema, kama tusemavyo wote. Kipimo kikakataa, nikanunua mseto vilevile. Harufu ya samaki wa kukaanga, mimi mtoto wa Tanga, ikawa inanitapisha. Viganja vikiwasha usiku. Mkojo ukawa kama kahawa ya kwenye madele, choo kikubwa kikapauka kama udongo wa mfinyanzi. Kila dalili nikaitafutia sababu yake: joto, maji machache, kula ovyo. Sikuzikalisha pamoja hata siku moja.

Bibi alikuwa na ungo mapajani, anachagua mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso, kisha akauinua. Mikono ikasimama.

"Mume wangu, hebu sogea hapa."

Nikachuchumaa. Akavua miwani (vitu vya karibu alikuwa akiviona bila miwani, sijui aliivalia nini), akanishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga. Gumba lake lilinuka vitunguu thomu. Akalivuta jicho chini, taratibu, kama anayefungua bahasha ya mtu mwingine. Halafu akaokota punje moja ya mchele kwenye ungo, akaileta karibu na jicho langu, akawa anatazama punje, anatazama jicho. Punje, jicho. Nilisikia pumzi yake. Baiskeli ikapita ikipiga kengele, wala hakugeuka.

"Nani kakutia bizari humu?"

Jirani akadakia: yuko mzee anachanja manjano, wembe mara tatu na dawa, yanatoka. Bibi akasema atakwenda kwa mzee, ila hospitali ipo njiani, basi tupitie kwanza. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa busara au uvivu wa kutembea.

Hospitali nitaipitia haraka. Damu, foleni, njoo kesho. Homa ya ini, aina ya C. Muuguzi akauliza kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia: "Unajidunga?" Bibi akanijibia kwamba mjukuu wake hukimbia hata sindano ya kliniki. Umewahi kuongezewa damu? Hapana. Umechangia wembe na mtu?

Hapo nikainamisha kichwa. Miezi miwili nyuma, usiku wa kuamkia fainali na vijana wa Makorora, timu nzima tulipelekwa kuchanjwa chale kifundoni. Wachezaji 11, wembe mmoja. Mimi nilikuwa wa tano. Na tulifungwa.

Sina ushahidi kwamba ni pale. Ugonjwa huu huweza kukaa mwilini wiki 2 hadi miezi 6 ndipo uonyeshe dalili, na ndani ya miezi hiyo niling'olewa jino, nikanyolewa vinyozini mara sijui ngapi. Bibi sikumwambia. Amekufa anaamini ni yule kinyozi.

Mwili wangu uliusafisha wenyewe, kabla hata sijaandikiwa vidonge. Katika watu 10 ni kama 3 hivi wanaopata bahati hiyo, ndani ya miezi 6. Kingamwili zimebaki, kwa hiyo kipimo cha kwanza, kinachozitafuta hizo, kila mara kinanishtaki, na cha pili, kinachotafuta kirusi chenyewe, kinanitetea.

Daktari ndiye aliyenivuruga. Alisema kati ya 10 wanaoambukizwa, kama 8 hawaoni dalili yoyote mwanzoni. Hawageuki manjano. Wanaweza kukaa miaka 20 ini likiliwa kimyakimya, na dawa ipo, vidonge vya wiki 12 tu kwa wengi. Nikawatafuta wenzangu wa kifundoni. Watatu walikwenda kupima. Wengine walinicheka, na kipa, aliyechanjwa wa kwanza, alicheka kuliko wote: "Mimi njano iko wapi?"

Wiki iliyopita nimekutana naye kule Deep Sea, kwenye soko la samaki, ananunua changu. Kanenepa, ana wajukuu. Aliponiona tu akajivuta kope kwa kidole, utani wetu wa miaka.

"Bado meupe, daktari?"

Meupe kweli, kama punje ile. Nikacheka naye. Kisha nikauhamishia mfuko wa samaki mkono wa pili, nikamwambia asogee kidogo juani.