Kimya cha Mume

Wenzi wanaonijia hapa Kampala huanza na habari za fedha, wakwe au simu inayofichwa chini ya mto, na ni baada ya vikao viwili vitatu ndipo mke husema kwamba mumewe halali usiku wala hachezi tena na mtoto. Mara nyingi mapenzi hayajapungua. Mume anaumwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, na kimya chake kimechukuliwa nyumbani kuwa dharau. Kiganda kina neno linalokaribiana na hali hiyo, okwekyawa, yaani kujichukia. Utafiti uliofanywa Masaka na Rakai, hapa Uganda, ukachapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba vikundi vya kuzungumzia misiba, migogoro na mahusiano hupunguza sonona, nami kwa sababu hiyo humwomba mke arudi kikaoni pamoja na mumewe.