Jinsi nilivyofaulu kukisoma kitabu cha Churchill kuhusu mwaka 1940

Nilikianza mara mbili, na mara zote mbili nikakiweka rafuni kabla ya kufika katikati. Ni Their Finest Hour, juzuu ya pili kati ya sita alizoziandika Winston Churchill kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ilitoka mwaka 1949, nayo inasimulia miezi ambayo Ufaransa ilianguka na Uingereza ikabaki ikingojea kuvamiwa. Kilichonishinda si Kiingereza chake, ingawa ni kizito, bali wingi wa barua, simu za maandishi na maagizo aliyoyajaza humo, hata nikawa sijui lipi limetangulia lipi.

Mara ya tatu nilinunua daftari, nikaanza na tarehe 10 Mei 1940, siku aliyoshika uwaziri mkuu, nikawa naandika kila tukio chini ya siku yake hata pale ambapo yeye analitaja sura kadhaa mbele. Kazi hiyo ilinichukua miezi minne ya jioni, na ndiyo iliyonifungua macho.

Churchill anaandika kwamba swali la kuendelea kupigana peke yao halikuwahi kuwekwa kwenye ajenda ya baraza la vita. Nilipotafuta kumbukumbu za vikao vya baraza hilo, ambazo sasa ziko wazi kwa umma, nilikuta kwamba kati ya tarehe 26 na 28 Mei mawaziri walibishana sana, kwa kuwa Lord Halifax, Waziri wa Mambo ya Nje, alitaka wajaribu kujua kupitia Italia ni masharti gani ya amani na Ujerumani yangeweza kupatikana. Katika daftari langu mabishano hayo yaliangukia ukurasa uleule wa Dunkirk, bandari ya Ufaransa, wakati uokoaji wa jeshi lililozingirwa huko ulikuwa ndio kwanza unaanza na hakuna aliyejua kwamba hadi tarehe 4 Juni askari zaidi ya 338,000 wangekuwa wamevushwa. Nadhani Churchill aliyafunika ili kumsitiri mwenzake, maana Halifax alikuwa hai kitabu kilipotoka. Hata hivyo, kwangu heshima ya Churchill ilipanda, kwa sababu kuwashawishi wenzako walio na mashaka ya haki, jeshi likiwa bado limezingirwa ufukweni, ni kazi ngumu kuliko kuongoza watu ambao tayari wameshakubali.

Sura ya mapigano ya angani ya tarehe 15 Septemba niliisoma bila kalamu. Churchill yuko Uxbridge, karibu na London, katika chumba cha chini ya ardhi cha kuongozea ndege za kivita, anamuuliza kamanda wake Keith Park wamebakiwa na akiba gani ya ndege, naye anajibiwa kwamba hakuna. Niliirudia usiku uleule.

Neno lililonisumbua mpaka mwisho ni hilo la "peke yao". Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na mwaka huo alikuwa kaskazini mwa Kenya, ng'ambo ya mpaka wakiwapo Waitaliano walioitawala Ethiopia. Kitabu hakiisahau kabisa sehemu hiyo, kwani mwezi Agosti Churchill anamhoji Jenerali Wavell, aliyeongoza majeshi ya Uingereza ya Mashariki ya Kati kutoka Cairo, kwa nini brigedi ya Afrika Kusini inakaa Kenya badala ya kwenda kupigana kwingine. Lakini ni lazima uitafute kwenye maagizo, na ukifika hapo askari ni hesabu tu. Sioni kwamba taifa lenye watu wa Afrika, India, Australia na Kanada katika majeshi yake lilikuwa peke yake kwa maana kamili ya neno hilo.

Kwa hiyo katika ukurasa wa Julai, chini ya tarehe 3, siku manowari za Uingereza zilipozishambulia meli za Ufaransa huko Mers-el-Kébir, Algeria, niliongeza kutekwa na Waitaliano kwa Moyale, mji wa mpakani mwa Kenya, katikati ya mwezi huo. Chini yake nimeacha mstari mmoja wazi kwa ajili ya kikosi cha babu, ambacho baba bado anakitafuta katika karatasi za mzee.